Matumba Yanayoanguka Yakiwa Yamefumba: Kisa cha Haibiskasi Moja ya Chunguni

Ukiutazama kwa mbali, mmea huu haukuwa na shida. Shina lilikuwa nene, matawi yamejaa, kimo kimefika kiunoni, na karibu kila ncha ya tawi ilibeba matumba manne matano ya ukubwa tofauti. Uliwekwa barazani, kwenye chungu cha plastiki chenye upana wa sentimita 30 hivi, na ni wa aina ile ya maua mekundu yenye petali nyingi zilizosongamana. Lakini msimu mzima ulikuwa umepita bila ua hata moja kufunguka. Matumba yalitoka, yakanenepa, yakaanguka yakiwa bado yamefumba. Mwenye mmea alilieleza jambo lote kwa sentensi moja: "Kaka, kila asubuhi naokota matumba, ua lenyewe sijaliona."

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wengi wanaotunza haibiskasi nyumbani hulalamikia jambo hilihili, na jibu wanalopewa karibu kila mara ni moja: ongeza mbolea ya maua. Hapa mbolea hiyo ilikuwa sehemu ya ugonjwa. Kuanguka kwa matumba ni dalili tu, kama ilivyo homa, na kwenye mmea huu kulikuwa na sababu tatu zilizopandana, moja ikiificha nyingine. Kutibu moja na kuziacha mbili kusingeleta ua.

Jambo la kukumbuka mapema ni kwamba ua la haibiskasi kwa kawaida huishi siku moja. Hufunguka asubuhi, na jioni au kesho yake limeshajikunja. Baadhi ya aina za petali nyingi ndizo hufika siku ya pili. Kwa hiyo uzuri wa mmea huu hautegemei ua kudumu, unategemea foleni ya matumba isiyokatika. Foleni ikivunjika, mmea unaweza kuwa na majani mazuri mwaka mzima na bado ukaonekana tasa.

Kabla ya kuniita, mwenye mmea alikuwa ameshachukua hatua kadhaa, na kila moja ilikuwa na mantiki yake. Aliona majani yanageuka njano, akadhani ni kiu, akaanza kumwagilia asubuhi na jioni, na kisahani cha chini akakiacha na maji ili mmea unywe polepole. Matumba yalipoanza kuanguka alinunua mbolea ya unga ya kuchochea maua, akaitia kila wiki. Alisikia kwamba haibiskasi inataka jua, akausogeza mmea uani kwenye jua la mchana kutwa. Matumba mengi yakaanguka kwa mkupuo, akaurudisha barazani. Mwishowe akapuliza dawa ya wadudu kwenye majani na matumba, mara kwa mara. Haikufua dafu. Hata hivyo, kila hatua kati ya hizo iliacha alama, na alama hizo ndizo zilizosaidia kusoma kilichotokea.

Swali langu la kwanza lilikuwa: ni haibiskasi ipi? Jina hilo hubeba mimea mingi ya ukoo mmoja na pamba na bamia. Haibiskasi ya kawaida ya mapambo katika nchi za joto ni Hibiscus rosa-sinensis, yenye majani ya kijani yanayong'aa mwaka mzima na isiyopenda baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Hibiscus syriacus hupukutisha majani wakati wa baridi na huvumilia hata barafu. Hibiscus sabdariffa ndiyo ile ya kukausha vikombe vyekundu vinavyolishika ua (kaliksi) kwa ajili ya kinywaji, nayo hupandwa kama zao la msimu. Ushauri wa mmoja ukipelekwa kwa mwingine unaweza kudhuru, na sehemu ya yale aliyosoma mwenye mmea iliwahusu hao wengine. Wake ulikuwa rosa-sinensis bila shaka yoyote.

Nilimwomba asitishe kila kitu kwa siku chache: asitie mbolea, asipulize dawa, na maji atie tu udongo ukikauka juu. Kazi yake iwe kuokota kila tumba lililoanguka na kulitia kwenye mfuko wa plastiki unaoona ndani, kisha kuufunga mdomo. Watu hudharau hatua hii. Tumba lililoanguka ndilo ushahidi wenyewe, na likifagiwa, kinachobaki ni kubahatisha.

Tulipoyamwaga mezani, matumba yalijigawa mafungu mawili yenyewe. Fungu la kwanza lilikuwa la madogo, ukubwa wa punje ya harage, ya kijani, makavu kidogo, safi ndani. Fungu la pili lilikuwa la makubwa, yaliyokaribia kuonyesha wekundu, yamegeuka njano kuanzia kitakoni na kulainika. Yote yalikuwa yameachia mahali pamoja. Kikonyo cha ua la haibiskasi kina kiungo, alama ya duara inayoonekana kwa jicho ukikikagua vizuri, na mmea unapoamua kulitupa ua hukata hapo. Tumba lililong'olewa na upepo, ndege au mkono huchanika popote. Haya yalikatika kwenye kiungo, laini, maana yake mmea wenyewe ndio ulioyaachilia. Swali likawa kwa nini mafungu mawili.

Nikachukua wembe nikapasua tumba moja kubwa kwa urefu, juu ya karatasi nyeupe. Petali zilikuwa zimegandamana, zina unyevunyevu, na kingo zake za ndani zimekuwa kahawia. Katikati ya mikunjo, karibu na kitako, kulikuwa na mabuu wadogo, wasiofika hata milimita mbili na nusu, wengine weupe, wengine wa rangi ya chungwa. Mmoja alitambaa hadi kwenye karatasi, akajikunja kichwa kikikutana na mkia, kisha akajifyatua. Alitua sentimita kadhaa mbali. Ukiona buu anaruka namna hiyo kutoka ndani ya tumba la haibiskasi, shaka yako iende moja kwa moja kwa kiinzi kinachoitwa Contarinia maculipennis, mdudu mwenye asili ya Kusini-mashariki mwa Asia ambaye leo amesambaa sehemu nyingi za joto.

Mzunguko wake ndio unaoeleza kwa nini dawa ilishindwa. Jike ni mdogo kuliko mbu, na huishi siku chache tu. Hutaga mayai kwenye ncha ya tumba lililo bado changa. Mabuu hushuka katikati ya petali wakila utomvu na tishu laini, na tumba huugua, hugeuka njano na kuanguka. Wakiwa wamekomaa, mabuu huruka nje, hujifukia kwenye udongo wa juu na kugeuka pupa humo. Baada ya wiki mbili au tatu hivi viinzi wapya hutoka udongoni. Sasa angalia dawa inayopulizwa juu ya majani: buu yuko ndani ya tumba lililofumba, pupa yuko chini ya udongo, na kiinzi mkubwa hukaa hewani muda mfupi mno. Dawa ya kugusa mwili haimkuti yeyote kati yao, isipokuwa kwa bahati. Inachoua zaidi ni wale wanaokula vidukari, na ni kweli kwamba upande wa chini wa majani machanga tulikuta vidukari vikiwa vimeanza kujaa.

Kidokezo kingine kilikuwa pembeni na hakuna aliyekiangalia. Hatua mbili kutoka kwenye haibiskasi palikuwa na yasmini ya chunguni, nayo matumba yake yalikuwa yakigeuka zambarau na kuoza bila kufunguka. Kiinzi huyu hachagui haibiskasi peke yake. Hushambulia pia yasmini, okidi, na mimea ya ukoo wa nyanya na biringanya. Mwenye mmea alidhani yasmini ina ugonjwa wake. Tulipopasua tumba la yasmini tukakuta mabuu walewale.

Hapo lingekuwa jambo rahisi kufunga uchambuzi na kusema mdudu ndiye mkosaji. Lakini fungu la matumba madogo lilikuwa safi. Kiinzi hakuhusika nalo, na majani pia yalikuwa na yake ya kusema.

Majani ya njano yalikuwa ya namna mbili kwenye mmea mmoja. Ya chini, yaliyozeeka, yalikuwa njano tupu na kuanguka kwa kuguswa. Ya juu, kwenye chipukizi, yalikuwa na njano iliyofifia lakini mishipa yake imebaki kijani, kiasi cha kuonekana kama wavu. Tofauti hii ina maana kubwa. Naitrojeni na magnesi huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzinyonya kutoka majani ya zamani na kuzipeleka kwa machanga, kwa hiyo njano huanzia chini. Madini ya chuma hayahami. Yakikosekana, jani jipya ndilo linalozaliwa na upungufu. Chipukizi zenye wavu wa kijani zilikuwa zinasema kwamba chuma hakifiki, na majani ya chini yaliyoanguka yakiwa mengi huku udongo umelowa yalikuwa yanaelekeza kwenye mizizi.

Chuma kwenye udongo kilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kukifikia. Nilipima pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu wake, ikatoka juu kidogo ya 7, ilhali haibiskasi hustawi zaidi kati ya 6 na 6.8. Ukingo wa chungu ulikuwa na ukoko mweupe, alama ya maji magumu yenye chokaa pamoja na chumvi za mbolea iliyorundikana. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo chuma kinavyojifunga katika umbo ambalo mizizi haiwezi kulinyonya. Halafu ikaja ile mbolea. Namba tatu za kwenye mfuko wa mbolea ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo, na kwenye mfuko wake namba ya katikati ilikuwa kubwa kupita nyingine kwa mbali. Mbolea nyingi zinazotangazwa kuwa za maua ndivyo zilivyo. Haibiskasi haitaki fosforasi nyingi. Ikizidi, hulundikana kwenye udongo wa chungu, hushikana na chuma na zinki, na mmea hubaki na njaa ya madini hayo huku umezungukwa na chakula. Mbolea inayoifaa ina naitrojeni ya wastani, fosforasi ndogo kuliko zote, na potasiamu nyingi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu neno "maua" kwenye mfuko linawapotosha watu wazuri wanaojitahidi. Kabla ya kusoma picha, soma namba.

Kilichobaki kilikuwa ndani ya chungu. Tuliulaza mmea ubavu, tukagonga kuta, ukateleza ukatoka mzima na udongo wake. Nusu ya juu mizizi ilikuwa ya rangi ya maziwa, imara. Chini kabisa ilikuwa imejizungusha ikifuata ukuta wa chungu, ya kahawia, na ukiuvuta mmoja ganda lake lilivuka kama soksi likabaki vidoleni, na harufu ya tope bovu ikatoka. Hayo ni maji ya kisahani. Mizizi inahitaji hewa, na iliyokaa ndani ya maji siku baada ya siku huikosa hewa hiyo na kuoza. Matundu mawili kati ya manne ya chungu yalikuwa yamezibwa na mizizi hiyohiyo.

Matumba madogo sasa yalipata maelezo. Mmea uliopoteza sehemu ya mizizi hauwezi kulisha foleni ndefu ya matumba, hasa siku ya joto kali la zaidi ya nyuzi 35, kwa hiyo huanza kutupa yale ambayo bado haujawekeza sana kwayo. Kuhamishwa kutoka kivulini hadi jua kali na kurudishwa kuliongeza pigo. Haibiskasi hutupa matumba na hata majani mwanga unapobadilika ghafla. Yale makubwa, ambayo mmea ulishayalipia, yaliangushwa na mabuu.

Tiba ilibidi ifuate mpangilio. Kwanza mdudu, kwa sababu mzunguko wake haungoji. Tuliondoa matumba yote, ya ardhini na ya kwenye matawi, yote yaliyozidi ukubwa wa punje ya mchele. Hapa mwenye mmea alisita, na ninamwelewa. Kuuvua mmea matumba yake wakati unalilia maua ni jambo zito. Lakini kila tumba lililoachwa ni kitalu cha kizazi kijacho. Yote yalifungwa kwenye mfuko na kuanikwa juani kabla ya kutupwa. Kwenye lundo la mboji hayapelekwi, kwani huko pupa hupata makazi mazuri. Yasmini ilitendewa vivyo hivyo. Tangu hapo, kuokota kukawa kwa kila siku. Ukiokota mara moja kwa wiki mabuu watakuwa wameshahama kuingia udongoni.

Pili, udongo. Kuna wanaoshauri kuusuuza kwa maji mengi, na chumvi nyingi huondoka hivyo, lakini fosforasi hung'ang'ania udongo wenye mfinyanzi, na pupa wangebaki. Kwa hiyo tukabadilisha udongo wote. Mizizi iliyooza ilikatwa kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti hadi kufikia sehemu nyeupe, iliyojizungusha ikafumuliwa kwa vidole, na mmea ukarudishwa kwenye chungu kilekile kikiwa kimesuguliwa. Mwenye mmea alitaka kikubwa zaidi. Nilikataa, kwa kuwa mizizi ilikuwa imepungua, na chungu kikubwa hubaki na udongo uliolowa ambao hakuna mzizi wa kuunyonya, jambo linalorudisha uozo uleule. Mmea wenye afya uliokijaza chungu chake huhamishiwa kingine kilichozidi kwa sentimita tano hivi, basi. Mchanganyiko ulikuwa wa mboji iliyoiva, udongo mwepesi na mchanga wa chembe kubwa, ili maji yapite bila kusimama. Kisahani kikaondolewa kabisa.

Kwa upande wa chuma tulitia chuma cha kileti, yaani kilichofungwa kwa namna inayokifanya kinyonyeke hata pH ikiwa juu. Kile kilichofungwa kwa kemikali iitwayo EDDHA ndicho kinachofanya kazi vizuri kwenye udongo wa chokaa. Mbolea nyingine yoyote ilisimamishwa hadi chipukizi mpya zionekane, kwa sababu mizizi iliyokatwa huunguzwa na chumvi. Vidukari vilioshwa kwa mkondo wa maji na baadaye kwa maji ya sabuni laini, jioni, jua likiwa limeshuka.

Kupogoa ndipo palipokuwa na mjadala. Haibiskasi huchanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo kila kata huahirisha maua kwa miezi miwili hadi mitatu. Lakini mizizi imepungua na matawi yamebaki mengi, na matumba yote yameshaondolewa, kwa hiyo hakuna ua la kupoteza. Tulipunguza theluthi moja ya urefu, kila kata ikiwa juu kidogo ya kifundo kinachotazama nje ili katikati pabaki wazi. Laiti mmea ungekuwa na matumba mazima ningepogoa nusu ya matawi sasa na nusu baadaye.

Mahali palichaguliwa pamoja na uamuzi wa kutohamahama: ukingo wa baraza, jua la asubuhi hadi saa saba mchana, kama saa sita za mwanga wa moja kwa moja, na kivuli chepesi baada ya hapo. Maji yakawa ni suala la kidole. Kichomeke sentimita tatu. Pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, pakiwa na unyevu, acha. Baadaye akazoea kunyanyua chungu na kujua kwa uzito wake.

Majani ya njano ya zamani hayakurudi kuwa kijani, na nilimwonya mapema asiyangojee. Mwamuzi ni jani jipya. Chipukizi za kwanza zilitoka na njano kidogo, zilizofuata zikawa kijani kizima zenye mng'ao. Mbolea ya fosforasi ndogo ilianza wakati huo, nusu ya kipimo cha mfuko, kila baada ya wiki mbili. Matumba mapya yalionekana, machache yakaanguka, na yaliyopasuliwa yakakutwa safi. Kisha maua yakaanza kufunguka, mwanzo moja moja, baadaye matatu kwa siku moja.

Kuna mambo mawili ambayo hayajaisha. Aina za petali nyingi hutupa matumba kwa wepesi kuliko za petali tano, na siku za joto kali mmea huu bado huangusha madogo kadhaa. Hilo nimemwambia alikubali. La pili ni yasmini. Matumba yake ni mengi, madogo, na ni vigumu kuyakagua yote, kwa hiyo viinzi wamepungua bila kwisha. Ameihamishia upande wa pili wa nyumba, ameiondolea udongo wa juu wa sentimita tatu na kuujaza mpya, na tumba lolote kubwa la haibiskasi linaloanguka sasa hupasuliwa kwa wembe kabla ya kutupwa.